Sitesheni, hataza au antena inayofanya kazi: injinia wa fezidi arei umpime kwa lipi?

Tuseme umewekewa CV mbili mezani, zote za mainjinia wa antena za fezidi arei, na unatakiwa uchague mmoja. Wa kwanza, tumwite Mtu wa Pepa, ana pepa za utafiti mia na ushee, h-indeksi yake (namba inayotokana na sitesheni, yaani jinsi wenzake wanavyozinukuu pepa zake) imepita 40, na kila mwaka yupo kwenye konferensi akiwasilisha. Wa pili ni Mtu wa Chuma, ana pepa kumi na mbili tu, nusu yake za konferensi, h-indeksi hata 10 haifiki, ila ana hataza nane, yaani uvumbuzi uliosajiliwa kisheria, na huko chini kabisa ya CV kaandika mstari mmoja mkavu kwamba aliongoza kalibresheni, ile kazi ya kupima na kusawazisha, ya rada moja ambayo imesimama haizunguki lakini inaona kote. Wengi wetu tunamchukua wa kwanza bila hata kupepesa jicho. Mimi nilishafanya hivo na nikajuta nusu, ile nusu nyingine nitaieleza huko chini.

Kwa asiyeijua hii kitu, fezidi arei ni antena ndogondogo nyingi zimepangwa safu, kila moja inapewa wimbi lilelile ila limecheleweshwa kidogo tofauti na la jirani yake, na kwa kucheza na huo ucheleweshaji tu unaelekeza bimu, yaani mwale wa mawimbi, kulia kushoto juu chini bila kusogeza chochote. Wazo ni la zamani, Karl Ferdinand Braun alilijaribu mwaka 1905 na antena tatu, halafu 1909 akagawana Nobeli na Marconi kwa kazi za redio. Mawazo kwenye hii fani huwa hayakosekani, kinachosumbua ni kuyajenga, na kuna watu wamekula miaka ishirini kwenye ujenzi huo wakaishia na pepa nne.

Tuanze na sitesheni basi, maana ndo kila mtu anakimbilia huko.

H-indeksi aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ukiwa na h ya 20 maana yake una pepa 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Uzuri wake ni kwamba pepa moja iliyovuma kwa bahati haikubebi, na pepa mia zisizosomwa na mtu nazo hazikubebi. Inapatikana bure, inasomeka kwa sekunde mbili, na haijali umesoma wapi wala unamjua nani. Kama unataka kujua huyu mtu wenzake wanamsoma au hawamsomi, kipimo kinajibu, na ukikuta profesa wa miaka 25 kwenye fani ana h ya 6 na hana hataza wala mfumo wowote uliojengwa, hapo hakuna siri ya kutafuta.

Shida inaanza ukitaka kulinganisha watu wawili. Hirsch mwenyewe alishasema fani zinatofautiana, h ya mwanabaiolojia huwezi kuiweka kando ya h ya mwanafizikia hivihivi, na humuhumu ndani ya antena tofauti zipo kubwa tu. Thomas Marzetta alitoa pepa yake ya mwaka 2010 kuhusu kuweka antena nyingi mno kwenye mnara wa simu, ile ndo ilifungua mlango wa masivu MIMO na imenukuliwa maelfu kwa maelfu. Ni pepa nzito kweli, simpunguzii kitu, ila angalia na umati uliokuwa nyuma yake, watu wa mawasiliano ya simu ni jeshi zima, wengi wao wanafanya kazi na kompyuta na hesabu tu kwahiyo pepa zinatoka haraka na kila moja inanukuu thelathini. Sasa mtu anayehangaika na elementi za safu hiyohiyo, yaani zile antena ndogondogo, jinsi zinavyosumbuana zikikaa karibukaribu, anaandikia watu wachache, na kila pepa yake inataka mfano ujengwe upelekwe kwenye chemba ya vipimo. Hawa wawili ukiwawekea rula moja utakuwa umelinganisha ukubwa wa vijiji vyao, wao wenyewe bado hujawagusa.

Halafu kuna kuchelewa. Impakti fakta, ile alama ya kupima uzito wa jarida, inahesabu sitesheni za miaka miwili. Miwili! Sidney Applebaum aliandika ripoti yake ya arei zinazojirekebisha zenyewe mwaka 1966, ikazunguka mikononi mwa watu wa rada, ikaja kutoka kwenye jarida la IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, mwaka 1976. Miaka kumi, na leo ni moja ya pepa za msingi kabisa za fani. Ralph Schmidt naye njia yake ya MUSIC, ile ya kujua mawimbi yanatokea pembe ipi, aliiwasilisha kwenye warsha mwaka 1979 na jaridani ikaingia 1986. Kamati ya mwaka 1982 ikikaa na CV ya Schmidt na kuhesabu majarida tu, hiyo kazi isingeiona kabisa.

Na wakati mwingine mtu anafanikiwa mpaka sitesheni zinakauka, kituko kweli. Charles Dolph mwaka 1946 alionyesha jinsi ya kugawa nguvu kwenye safu ili saidlobu zote zilingane kimo, ile nguvu inayovuja pembeni ya bimu, na bimu yenyewe iwe nyembamba kadri inavyowezekana kwa kimo hicho. Leo mgawanyo huo, unaoitwa dirisha la Dolph-Chebyshev, umo ndani ya programu za kuchakata mawimbi kila kona, mtu anaandika mstari mmoja wa kodi anapata majibu, na wala hamtaji Dolph kwenye marejeo kama ambavyo hakuna anayemtaja aliyevumbua kujumlisha. Jesse Butler na Ralph Lowe nao mwaka 1961 waliieleza matriki yao, ile inayokupa bimu kadhaa kwa wakati mmoja kwa kutumia vigawanyaji na vicheleweshaji vya kudumu, wakaitoa kwenye Electronic Design, gazeti la mainjinia wa kazini, wala sio jarida la kisayansi. Watafiti wa 5G wamekuwa wakiitengeneza upya matriki ya Butler kwa kila teknolojia mpya inayotoka. Ukiwa na fomu inayosema taja machapisho ya majarida tu, Butler anaandika nini hapo?

Haya, hataza.

Hapa Mtu wa Chuma anapumua kidogo. Mfano mzuri kuliko wote ni Lester Van Atta, safu yake inayorudisha wimbi kulekule lilikotoka, antena zimeungwa mbilimbili kwa waya za urefu uleule, basi, hakuna kompyuta hakuna nini. Dunia iliijua kupitia hataza ya Marekani iliyotoka 1959. Miaka sitini na zaidi baadaye watu wanaandika pepa za vitambulisho visivyo na betri kwa kutumia wazo hilo, na marejeo yao yanaelekea kwenye namba ya hataza. Paul Howells naye kifaa chake cha kufuta kelele za adui zinazoingilia kupitia saidlobu kilikuwa hataza, aliomba 1959 akapewa 1965, na hicho ndo kitu ambacho Applebaum aliendeleza hesabu zake juu yake. Yaani tawi zima la arei zinazojirekebisha limeanzia kwenye hataza na ripoti, majarida yakaja nyuma yakihema.

Ila usihesabu hataza kama unavyohesabu nyanya. Hataza nyingi ni za kujihami, kampuni inazijaza ili mwingine asiziombe, na kuna wahandisi majina yao yapo kwenye hataza thelathini za kubadilisha kona moja ya elementi. Kipimo ninachokiamini mimi ni ada. Marekani hataza inatakiwa ilipiwe ada ya kuiweka hai baada ya miaka 3.5, halafu 7.5, halafu 11.5, na kila awamu ada inapanda, asiyelipa inakufa. Sasa ukikuta hataza ya moduli fulani imelipiwa mpaka awamu ya 11.5 ujue kuna mtu mwenye hela alikaa akaona bado ina faida, na huyo mtu hakuwa anamwonea mhandisi huruma. Taarifa hizo zipo wazi mtandaoni, dakika kumi tu umejua hataza nane za Mtu wa Chuma ngapi ziko hai. Zikiwa hai tano, ohoo. Zikiwa zimekufa zote kwenye 3.5, basi zilikuwa pambo.

Kuna na jambo la siri, kwa sababu fani hii imekulia jeshini. Marekani ina sheria ya mwaka 1951 inayoruhusu serikali kuzuia uvumbuzi usitangazwe, kwahiyo unaweza kukutana na mtu ambaye miaka yake bora kazini haionekani popote. Hapo huna ujanja, utategemea watu waliofanya naye kazi, na watu hao wana urafiki wao na chuki zao.

Sasa kwenye mifumo yenyewe, na hapa ntakaa kidogo maana ndo penye utamu.

Kule Eglin, Florida, kuna rada inaitwa AN/FPS-85. Ilijengwa ikaungua moto mwaka 1965 kabla hata haijafanyiwa majaribio, ikajengwa upya, ikaanza kazi 1969, ina visambazaji zaidi ya 5,000, na ikaendelea kufuatilia setelaiti na takataka za angani kwa miongo na miongo. Niambie jina la mtu mmoja aliyeijenga. Mi mwenyewe nisingeweza bila kutafuta. Hiyo kazi mchango wake huwezi kuubishia, lakini umegawanyika kwa mamia ya watu na hauna mwandishi wa kwanza wala wa mwisho, na hilo ndo tatizo kubwa la kumpima mtu kwa mifumo, kila mmoja wao akija kwenye usaili anasema aliijenga yeye. Mwingine alikuwa anaongoza usanifu, mwingine alikuwa anakaza boliti, mstari kwenye CV ni uleule.

Mfano mwingine ni Norman, Oklahoma. Watu wa hali ya hewa waliazima antena ya rada ya SPY-1 ya jeshi la majini la Marekani, ina elementi 4,352, wakaigeuza iwe rada ya kuchunguza dhoruba. Rada ya kawaida ya sahani inayozunguka ilikuwa inahitaji dakika nne tano kumaliza kuiskani anga yote, hii ikashuka chini ya dakika moja, na kwa kimbunga cha tonado dakika nne ni nyingi kupita maelezo. Ilifanya kazi mpaka 2016. Pepa zilizotoka pale nyingi ni za wataalamu wa dhoruba, na ni haki yao, ila wale waliosanifu antena kwa ajili ya meli za kivita miaka ya nyuma kule hakuna indeksi inayowapa hata pointi moja kwa tonado zilizoonekana mapema.

Na kule Australia kuna ASKAP, darubini ya redio yenye sahani 36, kila sahani pale mawimbi yanapokusanyika imewekewa fezidi arei ya elementi 188 inayotoa bimu 36 kwa mpigo, kwahiyo inaona eneo la anga la nyuzi mraba kama 30 kwa wakati mmoja. Mwaka 2020 walitoa ramani ya galaksi kama milioni tatu iliyochukua saa 300 tu za uchunguzi. Mwaka uliotangulia walikuwa wameshaonyesha mlipuko mmoja wa redio usiojirudia ulitoka galaksi ipi hasa. Pepa za hayo matokeo zinanukuliwa vizuri mno, lakini zinanukuliwa kwa elimu ya anga iliyomo, ile antena iliyowezesha yote inapata aya moja kwenye sehemu ya vifaa na kushukuriwa mwishoni. Ukimpima mhandisi wa ile arei, fuata hiyo aya. Tafuta pepa ya kifaa, halafu angalia nani anaitaja akiwa nje ya fani ya antena. Sitesheni 60 kutoka kwa wanaastronomia na watu wa hali ya hewa mimi naziona nzito kuliko 300 kutoka kwa wenzake wa konferensi ileile wanaonukuana kwa zamu.

Ila wapo pia waliofanya vyote. Mwaka 2004 Ali Hajimiri na wanafunzi wake wa Caltech walitoa kipokezi cha fezidi arei chenye elementi nane kwenye 24 GHz, chote ndani ya chipu moja ya silikoni, wakati watu wengi bado waliona moduli za arei lazima ziwe za galiamu asenaidi na bei yake ya kuumiza. Pepa ilinukuliwa, sawa, lakini cha zaidi ni kwamba baada ya hapo silikoni ikawa njia ya kawaida, chipu za bimu zikashuka bei mpaka leo antena bapa ya intaneti ya setelaiti inakaa juu ya paa la nyumba ya mtu wa kawaida. Kazi ya namna hiyo ndo sitesheni, hataza na bidhaa zinaenda pamoja na hakuna cha kubishana. Sasa hao ni wachache, CV zako mbili hazitakuwa hivo.

Haya unamchagua nani?

Kama wewe ni mwanafunzi unatafuta supavaiza, nilikosea hapa nikupe bure. Mimi nilichukua mwenye namba kubwa. Nilipofika nikakuta maabara haina chemba ya vipimo, kila pepa ilikuwa simulesheni ya safu isiyo na mwisho, yaani unachora elementi moja unaiambia kompyuta jifanye majirani wapo mpaka milele, na majibu yanatoka masafi ajabu. Kwenye safu halisi elementi za ukingoni hazina majirani upande mmoja na zinakuwa na tabia zao. Mwaka wa pili tulijenga moja ya elementi 64 kwa msaada wa maabara ya chuo kingine, bimu ikipelekwa pembe fulani inazimika tu, ule upofu wa pembe ambao Pozar na Schaubert walishauandikia mwaka 1984 kwa dipoli za kuchapishwa, aina moja ya elementi, na supavaiza wangu hakuwahi kuuona kwa macho yake. Ile nusu ambayo sikujuta ni kwamba alinifundisha kuandika, nilitoka na pepa saba na zilinifungulia milango. Kwahiyo kama unataka kubaki chuoni, Mtu wa Pepa sio mbaya hata kidogo, hakikisha tu kwenye pepa zake tano za karibuni angalau mbili zina picha ya kitu kilichojengwa, halafu tafuta wanafunzi wake wa nyuma wako wapi sasa hivi. Wakiwa wanajenga arei mahali, umepata. Wakiwa wote wameacha fani, jiulize.

Kama unaajiri mtu aje ajenge, chukua Mtu wa Chuma, ila mbane. Usimuulize alishiriki mradi gani, muulize kitu gani kilikataa na walijuaje. Muulize kuhusu nyuzi 60. Bimu ikiinamishwa nyuzi 60 hata antena kamilifu inapoteza nusu ya nguvu kwa sababu uso wake ukiutazama kutoka upande huo umebaki nusu, hizo ni 3 dB za bure huwezi kuzikwepa, na antena halisi inapoteza zaidi. Aliyekuwa pale atakwambia yao ilipoteza ngapi, kwanini, na walizirudisha ngapi kwa kalibresheni, wala hatahitaji slaidi. Aliyekuwa anakaza boliti ataanza kuongelea umuhimu wa timu.

Kwenye tuzo au kupandisha cheo ndo pagumu, maana pale inabidi uwe na kitu cha kuonyesha kwenye karatasi. Uingereza kwenye tathmini ya vyuo ya mwaka 2014 walianza kuhesabu mchango nje ya chuo kwa asilimia 20 ya alama, na ile ya 2021 wakapandisha hadi 25, na mchango huo unaandikwa kama kisa chenye ushahidi, nani alitumia kazi yako na nini kikabadilika. Watu wanalalamika visa vinapambwa na ni kweli vinapambwa, lakini kisa chenye ushahidi angalau unaweza kukifuatilia. IEEE nao wakimteua mtu kuwa Felo, daraja lao la juu la uanachama, ambao kwa mwaka hawazidi sehemu moja ya elfu ya wanachama wenye kura, wanamweka kwenye kundi, kuna la watafiti, kuna la wahandisi wa vitendo, la walimu na la viongozi wa kiufundi, kwahiyo Mtu wa Chuma hashindanishwi kwa rula ya Mtu wa Pepa. Kamati yako ikishindwa kila kitu iige hilo moja.

Kwa zile CV mbili za mwanzo, mi kabla sijafungua Google Scholar kuangalia sitesheni zao ningewaandikia wote wawili barua pepe fupi nikiomba grafu moja tu: bimu iliyopimwa kwa nyuzi 45, iwekwe juu ya ile waliyoitabiri. Atakayeituma kesho yake na maelezo ya kwanini zimepishana, huyo ndo nitaanza naye.